Gamba la Rangi Kwenye Sweta ya Mercyline

Mwili wa Mercyline ulipatikana Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kando ya barabara ya Kombewa, dagaa zake za omena zimemwagika hadi mtaroni. Inspekta Dolphine Akinyi alizikagua alama za magurudumu mara tatu kabla ya kuyaamini macho yake. Lori lilimgonga, likasimama hatua ishirini mbele, kisha likarudi kinyumenyume hadi pale pale alipolala.

Kwenye sweta yake palinasa gamba la rangi lenye ukubwa wa ukucha: jeusi juu, kijani chini yake, na mgongo laini kama kioo.

Kufikia saa nne askari walikuwa wamemkamata Wanyonyi, dereva wa lori la mchanga. Bampa yake nyeusi ilikuwa na damu.

"Ni ya mbuzi, afande. Nilimgonga jana."

Walikuwa wameshamng'oa jino.

Dolphine aliagiza lori hilo lipelekwe Kibuye, kwa Perez, fundi wa rangi za magari. Perez aliligeuza lile gamba kwenye mwanga.

"Aliyepaka hii si fundi. Amepaka juu ya kromu, ile inayong'aa kama kioo, bila kuikwaruza kwanza. Rangi haishiki hapo, inabanduka kama ngozi iliyoungua. Hii bampa ya Wanyonyi ni rangi ya unga, imeokwa kwenye tanuri. Kwaruza uone."

Dolphine alikwaruza kwa ufunguo. Haikutoka hata chembe.

"Kuna mtu ameleta ya kromu?"

"Leo saa mbili. Aliuliza rangi gani haitoki hata ikigongwa na mawe. Nikamwambia tuichovye kwenye zinki, lakini hiyo ni wiki nzima, akakataa. Akachagua ya unga. Akasimama hapo mpaka mchanga unaopulizwa na mashine ukaondoa rangi yote ya zamani. Anaitwa Frankline. Alisema niharakishe, ana msiba nyumbani."

Msiba ulikuwa wa Mercyline. Frankline alikuwa ndugu wa Opiyo, mume wa marehemu.

Saa kumi jioni Dolphine alimkuta Frankline akifunga hema la waombolezaji. Bampa ya lori lake iling'aa. Dolphine alipitisha vidole kwa ndani, kwenye mkunjo ambao mchanga haukufika, akatoa magamba mawili. Jeusi, kijani, kioo. Akayaweka kiganjani kando ya lile la kwanza.

"Hili lilitoka kwenye sweta ya shemeji yako."

Opiyo alisogea, kamba ya hema ingali mkononi.

"Ilikuwa ajali," Frankline alisema. "Nilikuwa nimekunywa usiku kucha. Alitokea tu gizani."

"Ajali ni mara ya kwanza," Dolphine alisema. "Ulirudi kwa nini?"

Frankline alizidi kukaza fundo la hema.

"Ulidhani amekufa?" Opiyo aliuliza polepole, kama mtu anayeomba aambiwe ndiyo.

"Aliinua mkono. Akaniita, 'Shemeji.' Alikuwa amenijua, Opiyo. Angesema."

Dolphine alimfunga pingu. Kutoka jikoni wanawake walikuwa wameanza kukusanyika, hakuna aliyelia.

"Alisema nini tena?" Opiyo aliuliza.

Frankline aliiangalia bampa yake mpya.

"Sijui. Nilipandisha kioo cha dirisha."