Makaa ya Mgunga Hayatoi Moshi

Kila akitoka shuleni, Bhoke alichota maji, akafagia, kisha akabandika mahindi na maharagwe. Jiko la makaa lilikaa uani, chini ya migunga ambayo bwana misitu aliwapa miche yake mwaka wa 1993. Mwaka wa nne haujaisha, ilikuwa imelipita paa kwa mbali. Nyanya hakuipenda kabisa.

"Mti unaokimbia hivyo unakimbizwa na nini?" aliuliza. "Hata ndege hawalali humo."

Siku moja ya Aprili Mama alikuwa soko la Ogwedhi. Mvua ikaja na upepo. Bhoke akaliingiza jiko chumbani, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia, ili mdogo wake Mwikwabe, wa miezi minane, asipigwe na baridi. Makaa ya mgunga waliyochoma wiki ile yaliwaka mekundu, bila moshi hata kidogo. Basi hakuna ubaya, alijiambia.

Mvua iliyatwanga mabati. Kichwa cha Bhoke kikaanza kugonga. Alijaribu kusimama, akapepesuka. Alimfinya Mwikwabe shavu. Shingo ikaanguka upande kama ya mwanasesere wa matambara. Bhoke akahisi kuna mwingine ameketi mle chumbani, haonekani, anazivuta pumzi zao taratibu.

Alimbeba mtoto, akatambaa, akausukuma mlango, akaangukia matopeni. Nyanya alitoka nyumbani kwake mbio.

"Ni ule mti. Niliwaambia, mkaniona mzee." Akamfunga Mwikwabe kwenye khanga. "Twende ndani, tumlaze karibu na jiko apate joto."

Bhoke angenyamaza, mti ungebeba lawama. Lakini alikumbuka yaliyompata kule ndani.

"Nyanya, usimrudishe. Nilifunga kila mahali na jiko linawaka. Hata mimi nilikuwa naanguka."

Nyanya akasita mlangoni, mguu mmoja ndani. Kisha akarudi nyuma, akampepea mtoto kwenye upepo wa mvua. Muda ukapita, mrefu. Mwikwabe akakohoa, akalia kwa hasira.

Mama alipofika, amelowa chapachapa, waliongozana hadi zahanati. Waliporudi alimketisha Bhoke.

"Mgunga hauna kosa, nao utatulisha kwa makaa yake. Kuni hukufukuza kwa moshi. Makaa hukubembeleza mpaka ulale usiamke. Umesema kweli, ndiyo maana mdogo wako yuko hapa. Jiko likiwaka, mlango uwe wazi, hata mvua iingie. Mtoto akilowa, atakauka."