Mshale Ukipanda

Asubuhi ya Jumamosi jeti ya Mokowe, gati la boti za kwenda Lamu, haina pa kuweka mguu. Mabasi ya Mombasa yameshusha abiria wenye macho mekundu ya usingizi, wachukuzi wanagombania masanduku, wenye boti wanaita "Amu, Amu, mmoja tu" na boti yenyewe tupu. Katikati ya vurugu hiyo gari moja kuukuu la rangi ya maziwa lilikuwa likitoa moshi mweupe puani. Mbele yake alisimama binti wa buibui lililotariziwa uzi wa zambarau mikononi, ndoo ya maji mkononi, amekasirika mpaka midomo inamcheza.

Huyo ndiye Mardhiya. Kazi yake ilikuwa kuwapaka maharusi hina, na hakuna aliyemshinda kwa maua membamba, si Amu wala bara. Marehemu babake alimwachia gari hilo, na kwa kuwa mitaa ya Amu, ndiyo Lamu, haina nafasi ya gari, lililala Mokowe karibu na maji, likipigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima. Asubuhi ile bi harusi wa Hindi, kijiji cha mbele ya Mokowe, alikuwa akimngoja, miguu imeshasuguliwa. Mardhiya akaitua ndoo, akafunga kitambaa mkononi, akanyoosha vidole kwenye kifuniko cha rejeta.

"Dada, usifungue," sauti ikasema nyuma yake. "Yatakurukia usoni."

Kijana mrefu wa ovaroli ya buluu iliyofifia magotini akajipenyeza baina yake na gari. Kwa ile haraka ya kumkinga akarudi nyuma hatua moja, akaikanyaga ndoo. Ikapasuka, maji yakaingia viatuni mwa Mardhiya.

"Na ndoo yangu?"

"Nitakununulia nyingine."

"Lini?"

"Ukinipa sababu ya kukuona tena."

Mardhiya akajifanya hakusikia. Alikuwa amesikia vizuri sana, na mpaka gari lilipopoa alikuwa ameshajua kwamba anaitwa Ridhwani Wafula, kwao ni Mumias, amefungua gereji ya mabati kando ya stesheni ya mabasi, na ana miezi mitano tu pale. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimenyooka. Watu wa Amu walizungumza naye kama wanavyozungumza na wageni wote, kwa Kiswahili cha redio, na lugha yao wenyewe wakaiacha nyumbani.

Mardhiya akamweleza maradhi ya gari. Leo linachemka, kesho halichemki. Fundi wa kwanza alibadilisha kifuniko, wa pili akatoa thamostati, wa tatu akasafisha rejeta na kuapa kwamba limepona. Kila likifika gereji lilikuwa na adabu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, halafu likitoka tu mshale wa joto unapanda.

Ridhwani hakugusa spana. Alisema ugonjwa wa kuja na kwenda haupigwi kwa kubahatisha, unaviziwa. Akabandika kipande cha plasta kwenye dashibodi, akaandika kwa kalamu: *Mshale ukipanda, piga*, na namba yake chini. Alitaka kujua kila mara gari lilikuwa wapi, lilikwenda kasi gani, na lilikuwa limesimama kwa muda gani.

Mshale ukapanda, naye Mardhiya akapiga. Alipiga kutoka kizuizi cha polisi, alipiga kutoka foleni ya jeti. Mara nyingine, na hili silifichi, alipiga wakati mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

"Uko wapi, fundi mwenzangu?" Ridhwani alizoea kumwita hivyo, kwa kuwa wote wawili mikono yao ndiyo iliyowalisha.

"Hindi, karibu na kizuizi. Umepanda."

"Na ulipokuwa barabarani?"

"Ulitulia."

"Basi gari lako linataka upepo. Likikimbia, upepo wa njia unalipooza. Likisimama, feni ndiyo inayotakiwa kufanya kazi, nayo siku nyingine inafanya, siku nyingine inagoma."

"Kama watu ninaowajua."

"Mimi sijagoma hata siku moja. Umekula?"

Feni yenyewe alikuwa ameipima. Aliiunganisha moja kwa moja na betri, ikazunguka. Fyuzi ilikuwa nzima. Alibadilisha swichi ya joto, na gari likakaa siku kumi bila neno, kisha likachemka tena mbele ya ofisi ya chifu. Alisema lazima aikamate feni siku inapogoma, si siku inapofanya kazi. Mardhiya akasema achukue muda wake, na akayasema hayo kwa sauti ambayo mamake angeisikia angemuuliza maswali.

Walipendana, basi. Hawakuambiana kwa neno hilo, ila Ridhwani alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko kila alipojua anakuja, na Mardhiya alikuwa amelipiga pasi buibui la uzi wa zambarau mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Kila walipoachana alimkumbusha ile ndoo, naye akaahidi kesho.

Kisha ikaja posa. Mtu wa Malindi, mwenye maduka mawili na heshima zake, alileta watu kwa ami yake Mardhiya, Bwana Nabhan, ndugu wa babake, aliyekuwa na shamba Hindi. Mamake, Bi Umulkheir, hakuwa mama wa kumlazimisha mtu. Alimketisha bintiye barazani, akamuuliza kama moyo wake una mwenyewe. Mardhiya akaanza kuchezea pindo la mtandio, na mama akapata jibu.

"Kama yuko, na aye Ijumaa baada ya alasiri," mama akasema. "Aye kwa ndia ya mlangoni, tumuone. Asipokuya, nitamwambia Nabhan akubali."

Mardhiya akaingia chumbani, akachukua simu. Siku zote alimwandikia Ridhwani kwa Kiswahili chake Ridhwani. Siku ile hakuwa na nafasi ya kuchagua maneno, vidole vikaandika kwa lugha aliyonyonya: *Ndoo kwetu Ijumaa baada ya alasiri. Usikose.* Kiamu, msomaji, husema aye badala ya aje, ndia badala ya njia na ndaa badala ya njaa, na anayekuambia njoo hukuambia ndoo. Mardhiya alikuwa amemwita mwanamume wa moyo wake nyumbani kwao. Jibu likarudi upesi: *Sawa, bila kukosa.* Akalisoma mara nne, akalala nalo.

Ijumaa wanawake wa nyumba walikuwa tayari. Ukumbi ulifukizwa udi, kahawa ya tangawizi ilikuwa kwenye chupa, mahamri kwenye sinia. Shangazi wawili walikuja kuona kwa macho yao, na Bi Umulkheir alijifunga leso mpya ya rangi ya kunazi. Mlango ukabishwa. Mardhiya akajitanda mtandio, akasimama nyuma ya pazia.

Aliyeingia ni Taha, nahodha wa boti ya Mokowe. Mkononi alikuwa na ndoo mpya, nyekundu, ya lita ishirini, na mfuniko wake.

"Bwana Ridhwani fundi ameniagiza nilete hii," akasema. "Asema samahani kwa kuchelewa, na sasa usimlaumu tena."

Shangazi mmoja akaitazama ndoo, akamtazama mwenzake. Nyuma ya pazia Mardhiya alisikia yote. Alimwita mtu aje amwombe kwa mamake, naye amejibu kwa dhihaka, amemlipa ndoo yake ya plastiki mbele ya watu ili wamalizane. Kama hakumtaka angesema, ulimi anao. Usiku haujaingia, alikuwa ameshaifungia namba ya Ridhwani na kumwambia mamake afanye atakalo.

Jumatatu Bi Umulkheir akavaa, akamwambia bintiye ampeleke Hindi. Watu wa Malindi walikuwa wanakwenda kwa Nabhan alasiri ile kuchukua jibu, na jibu la namna hiyo halipelekwi kwa simu. Wakavuka hadi Mokowe, Mardhiya akawasha gari. Alijua kwamba akifika huko, neno likitoka kinywani mwa mamake, halirudi.

Kizuizini walikuta malori matano mbele yao. Dakika kumi, dakika ishirini. Mshale ukapanda, na kabla hawajapita moshi ukafuka. Wakalisukuma gari kando, mama akashuka, akapepea uso kwa leso.

"Mwite fundi."

"Sina namba ya fundi."

Bi Umulkheir akachungulia dashibodi, akasoma plasta kwa sauti mpaka namba ya mwisho. Akatoa simu yake mwenyewe, akapiga. Mardhiya akageuka kutazama mashamba.

Ridhwani alifika kwa pikipiki, mabegi mawili ya zana na ndoo ya maji imefungwa nyuma. Alimwamkia mama kwa adabu. Kwa Mardhiya alitoa salamu ya macho, akaangalia chini. Amekonda, Mardhiya akawaza, na akajichukia kwa kuliona hilo.

Alingoja injini ipoe, akaongeza maji taratibu, akaomba iwashwe na isizimwe. Wakasimama watatu kuutazama mshale ukipanda. Ulipofika mahali pake feni haikucheza. Ridhwani akatabasamu kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyemfuma mwizi wa kuku bandani. Akachukua kipande cha kijiti, akaanza kusukuma waya mmoja mmoja. Alipogusa ule mweusi, nyuma ya taa ya kushoto, feni ikavuma. Akauachia, ikazima. Akagusa tena, ikavuma.

"Ndio huu," akasema. "Unarudisha umeme wa feni kwenye bodi ya gari. Chumvi imeila skrubu yake. Gari likitikisika vizuri unagusa, likitikisika vibaya unaachia. Mafundi walikuwa wakiutafuta ugonjwa majini, kumbe uko hapa."

Akaisugua bodi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akafunga skrubu mpya, akapaka grisi. Kazi ya robo saa, baada ya miezi. Mshale ukashuka, ukatulia.

Bi Umulkheir alikuwa ameketi juu ya jiwe kivulini, amependezwa na utulivu wa kijana. Akataka kumuuliza kwao. Akamwita kwa mkono na kwa mdomo: "Ndoo, mwanangu. Ndoo."

Ridhwani akaitika. Akatazama huku na huku, akaenda mbio mpaka kwenye pikipiki, akachukua ndoo, akamletea mama kwa mikono miwili. "Hii hapa, Mama. Maji yamebaki kidogo."

Mama akaitazama ndoo. Akamtazama kijana. Nyuma yao Mardhiya alishika mlango wa gari.

"Ridhwani," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo tangu Ijumaa. "Ule ujumbe wangu. Uliusoma vipi?"

"Ulitaka ndoo yako ifike kwenu Ijumaa baada ya alasiri, nisikose. Niliomba Taha aipeleke kwa sababu nilikuwa na lori mkononi." Akaigeuza ndoo mikononi. "Kisha ukanifungia simu. Nikauliza jeti, nikaambiwa unaposwa Malindi. Nikasema basi, alitaka vyake virudi aondoke. Sikukulaumu. Ila sijalala."

"Ndoo ni njoo," Mardhiya akasema. Machozi yalishatoka na hakuyaficha. "Kwetu ndoo ni njoo. Nilikuita uje kwetu. Nilikuita kwa mama."

Ridhwani akasimama na ndoo yake mikononi. Ilimchukua muda, na mtu angeweza kuona jambo likimwingia neno kwa neno: kwetu, Ijumaa, usikose, na Taha mlangoni. Akaitua ndoo chini, akajishika kichwa.

Bi Umulkheir naye alikuwa ameshaelewa. Kwanza mabega yakamtikisika, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la leso, na askari wa kizuizini wakageuka kumtazama. Alipomaliza hakucheka tena.

"Haya, nimekuona," akamwambia kijana. "Si mlangoni, lakini nimekuona. Wataka nini kwangu?"

Ridhwani akavua kofia. Alisema hana maduka, ana gereji ya mabati na kazi yake. Alisema watu wake wako mbali, ila babake yu hai na atasafiri siku atakayoitwa.

"Namtaka Mardhiya, Mama. Nimuoe. Kama sikuja Ijumaa ni ujinga wa lugha, si wa moyo, na lugha nitajifunza."

Mama alimgeukia bintiye, akamkumbusha kwamba huko Hindi watu wako njiani, na Nabhan anangoja neno moja tu. Alilo nalo kinywani alipewa na yeye mwenyewe Mardhiya. Je, ni lile lile?

"Si lile," Mardhiya akasema.

"Basi panda," mama akamwambia Ridhwani.

Ridhwani akajitazama ovaroli, magoti, kucha. Akaomba apewe nusu saa tu akaoge na kuvaa kanzu. Bi Umulkheir akafungua leso yake ya juu, ile mpya ya rangi ya kunazi, akaitandika kwenye kiti cha nyuma, akainyoosha kwa kiganja.

"Keti. Nabhan mwenyewe ni mtu wa shamba."

Pikipiki ikaachwa chini ya ulinzi wa askari. Njiani Mardhiya aliendesha kwa mikono miwili, na kila alipotazama kioo cha nyuma alikuta macho yanamngoja.

Bwana Nabhan alikuwa amesimama barazani pa nyumba yake, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Wageni wa Malindi walikuwa bado njiani. Aliwaamkia mama na binti, akauliza habari za barabara, na bila kupoteza muda akamuuliza shemeji yake kama jibu amekuja nalo.

Bi Umulkheir akafungua kinywa, lakini Mardhiya akamtangulia.

"Tumekuya nalo, ami," akasema, akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari.