Picha Tatu za Mwalimu Lusajo

Picha tatu zilielea juu ya kitanda alicholazwa Mwalimu Lusajo, zikasogeleana na kulaliana mpaka zikawa moja. Ya kwanza ilichorwa kwa sumaku, ikionyesha damu inakokimbilia ndani ya ubongo. Ya pili ilitoka kwenye kofia inayonasa umeme wa mawazo, na ya tatu ilipimwa kwa mwanga unaopenya fuvu bila kuunguza hata unywele. Picha moja hudanganya, lakini zikiungana zote, sonona, maradhi ya huzuni nzito, haina pa kujificha. Ndivyo alivyoamini Dakta Tumpale Mwaisaka, mama aliyeiunda mashine hiyo na kuiita mizanibongo.

Mizanibongo ikatoa jibu lake: mzima.

Bi Atupele, mke wa mwalimu, hakuridhika. Alieleza kwamba mumewe ameacha kula, ameacha kufundisha, na juzi alikutwa mtoni, maji yakimfika kifuani. Lakini mashine ikisema mzima, wodi haipokei mtu; ndiyo sheria ya hospitali.

"Dakta, nikirudi naye nyumbani nitamzika," alisema.

Tumpale akaiamuru mashine ionyeshe ilimlinganisha na nani. Ilikuwa imefunzwa kwa bongo za watu wenye afya, nayo ikaleta ule uliofanana zaidi na wa mwalimu. Akautambua. Ulikuwa wake mwenyewe.

Kweli nyani haoni kundule. Wenye afya hao aliwachagua yeye, kwa kuwauliza hali zao. Na ni nani huku, akiulizwa habari, hujibu mbaya? Hata mfiwa husema nzuri kwanza, ndipo ataje aliyekufa. Yeye naye aliulizwa na msaidizi wake, majuma machache baada ya kumzika binti yake, akajibu nzuri, akavaa kofia, akahesabiwa mwenye afya. Wangapi wengine walijibu hivyo? Na wangapi walirudishwa nyumbani kwa neno la mashine hii?

Akaizima. Akamwambia Bi Atupele kwamba mwalimu atalazwa leo, na sheria ikiuliza, imuulize yeye. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda.

"Habari yako, mwalimu?"

"Nzuri, dakta," Lusajo alijibu, macho yake darini.

"Yangu mbaya," Tumpale alisema.

Mwalimu akageuza shingo taratibu, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Tangu lini, mama?"