Swali la Magreth Kuhusu Banio

Kila asubuhi Magreth alikamua ng'ombe, akawakatia majani, kisha akashuka bondeni na ndoo. Kupanda tena na maji kichwani ndiko kulikomtoa jasho. Zamani hakuwa na haja ya kushuka. Mfongo, ule mfereji uliochimbwa na mababu wa kwao Masama, mlimani, ulipita nyuma ya migomba yake. Lakini mvua za masika zilibomoa banio, ule ukuta wa kule juu unaogeuza maji ya mto yaingie mferejini, maji yakakoma. Wanaume walilijenga kwa mawe, likabomoka tena. Lilihitaji saruji na fundi, na hayo yangetoka halmashauri.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, 2005. Mwalimu Yuditha, aliyefundisha watu wazima kusoma pale kanisani, alileta habari. Wagombea wawili wa udiwani wangekutana kwenye mdahalo mjini Boma Ng'ombe, na mwananchi yeyote angeweza kuwatumia swali kwa intaneti. Magreth alicheka. Yeye na kompyuta wapi na wapi? Mwalimu akamwambia aseme tu swali lake, yeye atalipeleka kwenye duka la intaneti. Majina yasingesomwa, ili watu waulize bila hofu.

"Basi waulize hivi," alisema Magreth. "Banio letu litajengwa lini, na wewe utafanya nini lijengwe?"

Siku ya mdahalo ukumbi ulijaa. Magreth, aliyekaa nyuma na Mwalimu, alifurahi swali lake liliposomwa. Mgombea mmoja alijibu, ingawa alizungukazunguka. Kiti cha wa pili, Aminieli, kilikuwa kitupu. Alituma ujumbe kwamba hawezi kujibu maswali ya mtandaoni yasiyo na wenyewe. Watu walinung'unika. Magreth aliumia, maana Aminieli alikuwa mtu wa ukoo wa mumewe, na alimpenda kama ndugu.

Manung'uniko yalimfikia Aminieli. Jumapili alasiri alipita nyumba kwa nyumba, akafika na kwa Magreth akiwa na jani la isale mkononi. Uchaggani, mtu akikujia na isale kuomba radhi, humkatalii. Eliezeri, mumewe Magreth, alilipokea kwa mikono miwili. Wakanywa mbege, pombe ya ndizi, wakacheka, na banio halikutajwa kabisa. Mgeni alipoondoka, Eliezeri alisema mambo yamekwisha. Wameshasamehe, kwa hiyo kura zao ni za Aminieli. Majirani waliopelekewa isale walisema vivyo hivyo.

Magreth hakuridhika, ila aliogopa kuvunja mila. Kesho yake alimweleza Mwalimu Yuditha.

"Isale limemaliza ugomvi, mama, lakini halijajibu swali," alisema Yuditha. "Msamehe kwa moyo wote. Kura ni jambo jingine. Unampa mtu kazi, na anayeomba kazi lazima aulizwe ataifanyaje."

Akamweleza pia kwamba kura ni siri, hata mume hana haki ya kumchagulia mkewe. Na swali lililotumwa bila jina lina mwenyewe. Aliyeliuliza ni mpiga kura, sawa na anayesimama mkutanoni.

Jioni hiyo Magreth alijifunga khanga, akaenda kwa Aminieli.

"Shemeji, nimekusamehe na sina kinyongo," alisema. "Ila lile swali ni langu, na bado nangoja jibu. Njoo ulijibu pale kwenye banio, watu wote wasikie. Mgombea mwenzako naye tutamwita."

Aminieli aliinamisha kichwa. "Niliogopa, shemeji. Sikujua hata bei ya saruji."

Magreth akamwambia bado ana muda wa kwenda kuuliza.

Wagombea wote wawili walifika kwenye banio, wakaulizwa mpaka wakachoka. Aminieli alieleza aliyoambiwa na halmashauri. Pale asipojua, alisema hajui, na watu walimpenda kwa hilo. Akashinda.

Baada ya uchaguzi ujenzi ulichelewa. Magreth hakukaa kulalamika jikoni. Alishuka na Mwalimu hadi Boma Ng'ombe, wakamtumia diwani swali jingine kwa intaneti, safari hii na jina lake chini. Haukupita muda, Aminieli alionekana akipanda mlima pamoja na fundi. Hakushika isale. Alikuwa na jembe begani.

Sasa maji yanapita tena nyuma ya migomba. Eliezeri bado anamuuliza mkewe alimpigia nani kura. Magreth humjibu kwamba ng'ombe wana kiu, aende yeye akachote maji.