Siafumeno wa Atupele

Atupele aliweka kitufe cheupe juu ya ulimi, akafunga mdomo, akaendelea kupanga vijiko vyake kwa urefu. Kinywani kitufe kikawaachia siafumeno: vijiroboti vidogo kuliko chembe ya unga, visivyo na ladha, povu wala kelele. Vilitambaa kwenye kila jino, vikala ukoga, vikaziba vitundu vilivyotaka kuanza, kisha vikayeyuka ndani ya mate. Chai mezani ilikuwa bado inafuka moshi.

"Kwisha," alisema Atupele.

Mama yake, Mhandisi Tusekile, ndiye aliyewabuni siafu hao katika maabara moja ya Mbeya. Asubuhi hiyo jopo la wataalamu lilisubiri idhini yake ya mwisho, ili kila mtoto mwenye usonji nchini, kama Atupele, apewe. Naye alikuwa anasitasita, moyo mzito.

Alikuwa anaikumbuka miaka ya mswaki. Atupele hakuvumilia povu la dawa wala mkono wa mtu usoni. Taa ya kliniki ilimchoma macho, mlio wa mashine ukamtia wazimu. Siku ya kung'olewa gego, watu wanne walimshika, mama yake akiwa mmoja wao. Yowe lile usiombe ulisikie.

Baada ya hapo wakatunga mchezo wao. Mswaki wa maji matupu. Kwanza Atupele anamsugua mama meno, ndipo mama naye anapewa zamu. Kila jino lilikuwa kituo cha barabara ya Kyela, maana mtoto alipenda vituo kuliko pipi. "Uyole," mama anasema huku akisugua. "Igawilo," mtoto anajibu. Isyonje, Kiwira, Tukuyu. Ukiruka kituo, gari linarudi Mbeya na safari inaanza upya! Na Atupele, aliyekwepa macho ya dunia nzima, alimtazama mama yake usoni njia yote. Raha iliyoje, jamani. Tusekile alichelewa kazini kila siku na wala hakujali.

Ila nyuma kabisa ya kinywa mswaki haukufika vizuri, na magego yakaoza tena. Ndipo mama alipoingia maabara kuwabuni siafu.

Sasa alichukua mswaki, akaketi mbele ya binti yake.

"Twende Kyela, Atupele?"

Atupele aliutazama mswaki, akarudi kwenye vijiko. "Meno safi."

"Najua, mwanangu. Twende tu."

"Meno safi. Hakuna safari." Akausukuma mkono wa mama yake taratibu, bila hasira, kama mtu anayefunga kabati.

Mume wa Tusekile, Ambakisye, alikuwa anafunga viatu mlangoni. "Mama Atu, unalia?"

"Nalia, Baba Atu. Alikuwa ananitazama."

"Basi wazuie siafu wako. Liambie jopo bado."

Tusekile alijifuta kwa pindo la khanga. Akamfikiria mama mwingine, Sumbawanga huko au Songea, ambaye leo hii anaishika miguu ya mwanawe kwenye kiti cha kliniki. Huyo hawezi kungoja mhandisi amalize kulia. Akawasha kioo cha mawasiliano.

"Ninaidhinisha," alisema. "Lakini wazazi waambiwe mapema: kabla ya kuuweka mswaki kabatini, watafute jambo jingine la kufanya na mtoto, uso kwa uso."

"Jambo gani, Mhandisi?" sauti ya mwenyekiti iliuliza.

Tusekile alimtazama binti yake, aliyekuwa ameinamia vijiko.

"Sijui," alijibu. "Mimi sikuambiwa."