Sinendet ya Arap Sigilai

Rodah alikuwa amepiga jembe mara ya pili kwenye shina la sinendet pale mtoto aliyembeba mgongoni alipopiga chafya. Haikuwa chafya ya mtoto wa miezi minane. Ilikuwa nzito, ya mzee, na hewa yote ikanuka ugoro.

Hapo palikuwa Boito, katika nchi ya Wakipsigis, mwaka wa 1994, adhuhuri. Sinendet ni mmea unaopanda juu ya miti mingine. Ukikatwa hutoa maziwa meupe. Wakipsigis huwavisha washindi kamba zake, na wengine huchemsha mizizi yake kwa ugonjwa wa kifua. Huu uliota katika shamba la jirani, Arap Sigilai, aliyekufa bila mke wala mtoto. Rodah hakutaka kuiba. Kabla ya kuchimba alisema kwa adabu, "Arap Sigilai, nipe dawa ya kifua cha huyu mtoto."

Mtoto, Noah, alikunywa dawa na kifua chake kikafunguka. Lakini sasa alisafisha koo kabla ya kunyonya, kama mzee anayetaka kusema neno barazani. Blanketi lake lilinuka ugoro, na katika nyumba ile ya waliookoka hakuna aliyeutumia. Nao mmea ukavuka ua, ukashika ukuta, ukaingiza ncha yake dirishani juu ya kitanda cha mtoto.

Tecla, mama mkwe wa Rodah, waliyemwita Kogo, yaani nyanya, ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini.

"Ulimtaja mwenye shamba?"

"Niliomba tu, Kogo. Si ni heshima?"

"Na mtoto akapiga chafya."

Tecla akaketi polepole.

Kwa desturi, mtoto akizaliwa wazee humtia ugoro kidogo puani na kuita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina aliloitikia ndilo la aliyerudi. Rodah na mumewe Johana walikataa. Pasta aliombea jina la Noah, ikatosha.

"Nyinyi walokole mlicheka ugoro niliomletea mtoto," Tecla alinong'ona. "Mkasema Kogo atafute mafua kwingine. Mtoto alikuwa hajaitwa na mtu. Sasa mzee asiye na watu amejipatia watu."

Johana alichukua panga. "Mama, huu ni mti tu!" Akaukata sinendet chini kabisa, maziwa yakamrukia mikononi, na kabla hajalifuta panga alimsikia Rodah akipiga mayowe ndani, kwa sababu kifua cha Noah kilikuwa kimejifunga na midomo yake imegeuka rangi ya majivu.

Walimwita Bilhah, chepkerichot, yaani mganga wa miti shamba, kutoka Kiptere. Alifika mvua ya mawe ikipiga mabati. Akatia ugoro kidogo puani mwa mtoto, akamwambia Tecla aite marehemu wa ukoo.

"Akiitikia mmoja wenu, yule mzee wa jirani atatoka."

Tecla akaita: Arap Kirui, Arap Birir, Arap Mutai aliyefia vitani Burma, akaita wajomba na ndugu zao, akaita mpaka sauti ikakauka, na kila jina lilipotoka mawe yalipiga kwa nguvu zaidi juu ya mabati na mtoto akavuta pumzi fupi kuliko ya kwanza, na harufu ya ugoro ikawa nzito hata Johana, aliyekuwa akiomba kwa Yesu akiwa amepiga magoti mlangoni, akashindwa kumaliza sala yake.

"Wamekwisha," Tecla alisema.

Bilhah alimtazama Rodah. "Limebaki jina moja. Ukiliita ataishi. Lakini hutamwita wako tena."

"Rodah, usithubutu!" Johana alisema.

Rodah aliweka mdomo kwenye sikio la mwanawe. "Arap Sigilai," akasema. "Rudi."

Chafya ikatoka, nzito. Kifua kikafunguka, midomo ikarudi rangi yake. Mvua ikanyamaza. Johana akaanza kulia kwa shukrani, akanyoosha mikono yake yenye utomvu mweupe uliokauka ili ampakate mtoto.

Noah, ambaye hata neno "mama" alikuwa hajalijua, aliitazama ile mikono kwa muda mrefu. Akasafisha koo.

"Ni wewe," akasema, "uliyekata mti wangu."