Kilichomsikiliza Mama Kitubioni

Umewahi kuona taa ya kitubio ikiwaka wakati hakuna mtu aliyepiga magoti? Profesa aliiona, saa sita mchana, kanisa kuu limejaa wageni na kamera zao.

Profesa ni jina la dhihaka. Digrii ya historia, upper second, miaka minne ya kutuma CV, na alichoambulia ni kutembeza wageni kwa "kujitolea". Aliyetunga neno hilo alikuwa ameshiba.

Kibanda cha kitubio kilikuwa cha mbao nyeusi, kimechongwa mizabibu, juu yake malaika wa dhahabu. Ukipiga magoti, ubao unabonyea, taa nyekundu inawaka. Wageni walipanga foleni kupigwa picha pale. Leo ubao ulikuwa mtupu, na taa inawaka.

"Shoti hiyo, mzee," alimwambia mtunza kanisa.

Mzee hakuinua macho. "Waya ulikatwa kabla hujazaliwa."

"Sasa huwa inawakaje?"

"Swali hilo humu hatuulizani, mwanangu."

Wakati huohuo mama yake akaingia, na gauni lake la sherehe, kuona kazi ya mwanawe kwa mara ya kwanza. Akaitazama dari. "Kumbe ofisi yako iko juu hivi! Na mshahara nao?"

"Mama, acha bwana." Walicheka wote wawili. Kundi jipya likamwita. "This way, please, mind the step," akaondoka nalo.

Aliporudi, taa ilikuwa bado inawaka, na chini ya pazia vilionekana viatu vya mama.

"Nimemchoka mwanangu, Padri," mama alikuwa akinong'ona. "Namwombea, halafu natamani nisingemzaa."

Sauti ikajibu kutoka upande wa pili wa wavu, laini, kama watu wengi wanaovuta pumzi pamoja: "Mzigo huo niachie mimi."

Profesa akakumbuka kwamba alikuwa amemwona padri nje akiagana na wageni, akakimbia, akauvuta mlango wa upande wa padri, na harufu ya nywele zilizoungua ikampiga usoni, na kiti kilikuwa kitupu, kimejaa vumbi la miaka, ila katikati ya vumbi lile palikuwa na alama ya makalio mapana ambayo, huku akiitazama, ilikuwa bado inazidi kudidimia.

Mama akatoka. Uso mwepesi, kama wa msichana.

"Samahani kaka, mlango wa kutokea uko wapi?"

"Mama, ni mimi!"

"Una wazimu? Mimi sijawahi kuzaa."

Padri alikuja mbio na maji ya baraka. Yakachemka juu ya mbao, taa ikazimika. Kumbukumbu ya mama haikurudi. Alikuwa ameketi benchi la mwisho, anaimba wimbo kwa sauti ya chini, anamwogopa kijana anayelia.

"Kibanda hiki kilipigwa misumari miaka arobaini," mzee akasema. "Halmashauri waliing'oa mwaka jana. Wageni walitaka picha."

Basi, waheshimiwa wa halmashauri ya parokia, msitutumie barua ya pole. Yule kati yenu aliyeshika nyundo akaing'oa misumari ile aje leo, kabla ya misa ya jioni, apige magoti pale, aongee na kilichomo, na amrudishe mama wa mtu.